Kutoka Nguvu hadi Unyumbufu: Historia ya Kuimarisha Kuta za Uashi dhidi ya Kani ya Mkato, 1933–1994

1.0 Utangulizi

Jioni ya Ijumaa, tarehe 10 Machi 1933, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 6.4 lilipiga mji wa Long Beach na viunga vyake, kusini mwa jimbo la California nchini Marekani. Watu wapatao 120 walipoteza maisha. Vifo vingeweza kuwa vingi mno kuliko hivyo. Shule zipatazo 70 zilibomoka na nyingine 120 hivi ziliharibika vibaya, lakini tetemeko lilitokea muda mfupi kabla ya saa kumi na mbili jioni, wakati madarasa yalikuwa matupu. Lingetokea saa chache mapema, kuta zile zingewaangukia maelfu ya watoto.

Kuta zilizoanguka zilikuwa za uashi usio na nondo. Baada ya siku hiyo, wahandisi, watunga sheria na mafundi walitumia zaidi ya nusu karne kutafuta namna ya kujenga ukuta wa matofali, na hasa matofali ya zege, ambao hautawaua wanaoishi ndani yake. Makala haya yanafuatilia safari hiyo tangu tetemeko la Long Beach mwaka 1933 hadi tetemeko la Northridge mwaka 1994. Hoja kuu ni kwamba historia ya kuimarisha kuta dhidi ya kani ya mkato haikuwa tu historia ya kuongeza chuma. Ilikuwa historia ya kubadilika kwa swali. Kizazi cha kwanza kiliuliza ukuta uwe na nguvu kiasi gani ili usivunjike. Kizazi kilichofuata kilikubali kwamba ukuta unaweza kuzidiwa, kikauliza: ukizidiwa, uvunjike kwa namna gani?

2.0 Kani ya Mkato na Tabia ya Ukuta wa Uashi

Ukuta wa uashi hubeba vizuri mzigo unaoshuka kutoka juu. Uzito wa paa na wa ghorofa huyagandamiza matofali, na tofali likigandamizwa huwa imara. Tetemeko la ardhi huleta mzigo wa aina nyingine. Ardhi husogea upande mmoja kisha upande wa pili, nao uzito wa jengo hubaki nyuma. Tofauti hiyo husukuma kichwa cha ukuta kwenda kando wakati msingi wake umeshikwa na ardhi. Kani inayofanya sehemu moja ya ukuta itake kupishana na sehemu iliyo jirani yake ndiyo inayoitwa kani ya mkato.

Kani hiyo inaweza kuuvunja ukuta kwa njia tatu. Ya kwanza ni mpasuko wa mshazari. Ukuta wa mstatili ukisukumwa kichwani hulala kidogo. Mshazari wake mmoja hurefuka na wa pili hufupika. Kurefuka ni kuvutwa, na uashi ni dhaifu sana unapovutwa. Hapo ufa hutokea kutoka pembe moja hadi pembe ya pili, mara nyingi ukifuata viungo vya saruji kama ngazi. Ardhi inaporudi upande wa pili, ufa mwingine huukata ule wa kwanza. Alama inayobaki ni mfano wa herufi X, na ndiyo alama inayoonekana zaidi kwenye kuta zilizopitiwa na tetemeko. Ya pili ni kuteleza: kozi moja ya matofali huteleza juu ya nyingine. Ya tatu ni kupinda: ukuta hutikisika kama mti uliosimama juu ya shina lake, ukingo mmoja ukinyanyuka na ukingo wa pili ukigandamizwa.

Njia hizi hazina hatari sawa. Ukuta wenye nondo za wima ukipinda, nondo hurefuka polepole kabla ya kukatika, na kwa kurefuka huko humeza nguvu ya tetemeko. Ukuta unaopasuka kwa mshazari bila chuma cha kuuzuia hufikia mwisho ghafla. Vipande vinne vinavyotenganishwa na ile alama ya X havina kinachovishika pamoja, na paa lililovikalia hushuka. Tofauti hii kati ya kupinda na kupasuka ndiyo iliyokuja kuwa msingi wa elimu yote iliyofuata, ingawa ilichukua miaka mingi kutambuliwa.

3.0 Chuma Ndani ya Uashi kabla ya 1933

Wazo la kutia chuma ndani ya uashi lilikuwapo zamani. Mwaka 1825 mhandisi Marc Isambard Brunel alianza ujenzi wa handaki la kupita chini ya mto Thames jijini London. Huko Rotherhithe alijenga juu ya ardhi mnara wa matofali wenye kipenyo cha mita 15 hivi, akaufunga kwa vyuma, kisha akauzamisha ardhini kwa uzito wake wenyewe ili uwe shimo la kuingilia handaki. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1923, mhandisi A. Brebner wa idara ya ujenzi ya serikali nchini India alichapisha matokeo ya majaribio yake ya matofali ya kuchoma yaliyotiwa nondo. Kazi yake ilifungua mlango wa matumizi ya uashi wa nondo katika sehemu mbalimbali za bara la Asia.

Kwa upande wa tofali la zege, mwanzo wa biashara yake unahusishwa na Mmarekani Harmon S. Palmer, aliyepata hataza ya mashine ya kufyatulia matofali yenye matundu mwaka 1900. Matundu yale yalikusudiwa kupunguza uzito na kuokoa saruji. Baadaye ilidhihirika kwamba yalikuwa na faida kubwa zaidi. Matofali yakipangwa vizuri, matundu yao hukutana kutoka msingi hadi kichwa cha ukuta na kuwa njia ya kusimamisha nondo na kumimina zege laini la kuishika.

Hata hivyo, kabla ya 1933 chuma cha namna hii hakikuwekwa kwa ajili ya tetemeko. San Francisco ilikuwa imebomolewa mwaka 1906 na Santa Barbara mwaka 1925. Kanuni za ujenzi zilizotolewa mwaka 1927 na umoja wa maofisa wa ujenzi wa pwani ya Pasifiki ziliweka masharti ya tetemeko katika kiambatisho tu, na mji ulikuwa huru kuyafuata au kuyaacha. Miji mingi iliyaacha.

4.0 Long Beach na Sheria Zake

Uchunguzi uliofanywa baada ya tetemeko la Long Beach ulionyesha mambo mawili. Kwanza, majengo mengi hayakusanifiwa kwa kani yoyote ya kando. Pili, uashi wenyewe ulikuwa wa ovyo: viungo vilijengwa kwa mchanganyiko dhaifu, na mahali pengi kuta hazikufungwa na sakafu wala paa. Kamati ya wataalamu iliyoongozwa na mwanafizikia Robert Millikan iliona kwamba hasara ile ilitokana na kasoro zilizokwisha kujulikana na zilizoweza kuzuiwa.

Bunge la California lilichukua hatua kwa haraka. Tarehe 10 Aprili 1933, mwezi mmoja kamili baada ya maafa, sheria ya Field ilianza kutumika. Iliiweka michoro ya kila shule ya umma chini ya ukaguzi wa serikali ya jimbo, ikataka mkaguzi awepo wakati wa ujenzi, na ikawataka wasanifu na wajenzi wathibitishe kwa kiapo kwamba kazi ilifuata michoro. Sheria ya Riley, iliyofuata mwaka huohuo, iliyataka majengo mengi ya kawaida yahimili kani ya kando isiyopungua asilimia 2 ya uzito wake. Uashi usio na nondo ukapoteza nafasi yake katika majengo mapya ya California.

Mafundi hawakuacha kutumia matofali. Walibuni namna mpya: kuta mbili nyembamba za matofali zilijengwa sambamba, nondo zikasimamishwa katikati, kisha nafasi ile ikajazwa zege laini. Baadaye tofali la zege lenye matundu lilirahisisha kazi hiyo, kwa kuwa nafasi ya nondo ilikuwa tayari ndani yake. Nondo za wima zilipita katika matundu. Nondo za ulalo zililazwa katika kozi maalumu zenye matofali yaliyochongwa kama mfereji, ambayo yakijazwa zege huwa mkanda unaoufunga ukuta. Kanuni iliyodumu kwa miaka mingi nchini Marekani ilitaka jumla ya eneo la nondo za wima na za ulalo isipungue sehemu 2 kwa 1000 za eneo la ukuta, na upande wowote mmoja usipate chini ya sehemu 0.7 kwa 1000.

Wakati huohuo Chile ilifuata njia nyingine. Huko ukuta wa matofali ulijengwa kwanza, kisha nguzo nyembamba na mikanda ya zege yenye nondo vikamiminwa kuuzunguka, ukawa kama picha ndani ya fremu yake. Tetemeko la Chillán la Januari 1939 liliua maelfu ya watu, lakini majengo yaliyofungwa kwa namna hiyo yalistahimili vizuri zaidi kuliko yale yasiyofungwa. Njia hizo mbili zilitofautiana kwa umbo, si kwa kanuni. Zote zililenga kuvishika pamoja vipande vya ukuta baada ya ufa kutokea.

5.0 Kasoro Iliyofichika Katika Hesabu

Hesabu za wakati huo zilikuwa nyepesi. Mhandisi alikadiria kani ya kando, akaigawa kwa eneo la ukuta, akalinganisha matokeo na kiwango kilichoruhusiwa. Kiwango kikizidi, nondo ziliongezwa ili zibebe kani yote ya mkato. Kilichodhaniwa ni kwamba kani iliyokadiriwa ndiyo kani itakayokuja.

Dhana hiyo ilianza kupingwa na vyombo. Tetemeko la Long Beach lilikuwa tetemeko kubwa la kwanza kurekodiwa na mashine za kupima mwendo mkali wa ardhi, zilizokuwa zimefungwa muda mfupi kabla yake. Mwaka 1940 mashine iliyokuwa El Centro, California, ilirekodi mwendo uliofikia takriban theluthi moja ya mvutano wa dunia. Mwaka 1971, katika tetemeko la San Fernando, mashine iliyokuwa karibu na bwawa la Pacoima ilirekodi mwendo uliozidi mvutano wote wa dunia. Asilimia 2 ya sheria ya Riley, na hata viwango vikubwa vilivyokuja baada yake, vilikuwa mbali na hali halisi. Ukuta uliosanifiwa kwa viwango hivyo ungezidiwa, na kwa hiyo swali la namna utakavyovunjika halikuepukika tena.

Mfano wa kubuni unaweza kufafanua kasoro iliyokuwa imefichika. Tuchukulie ukuta wenye kimo cha mita 3 unaosukumwa kichwani, na uwezo wake wa kuhimili mkato ni kilonyutoni 130. Nondo zake za wima zinaanza kurefuka kwa kupinda kani ikifika kilonyutoni 100. Tetemeko likizidi, ukuta huu utapinda kwanza, nondo zitanyumbuka, na ufa wa mshazari hautatawala. Sasa fundi au mhandisi mwenye nia njema aongeze nondo za wima mara mbili bila kugusa zile za ulalo. Ukuta hautapinda tena hadi kani ikaribie kilonyutoni 200, lakini kabla ya kufika huko utakuwa umekwisha kupasuka kwa mkato kwenye 130. Nguvu yake imepanda kutoka 100 hadi 130, nao umekuwa wa hatari zaidi, kwa sababu sasa utavunjika ghafla. Chuma kilichoongezwa mahali pasipostahili kimeuondolea ukuta njia yake salama ya kushindwa.

6.0 Maabara za Berkeley na Christchurch

Tetemeko la San Fernando lilibomoa majengo ya hospitali ya askari wastaafu yaliyojengwa katika miaka ya 1920, kabla ya sheria za 1933, na wengi wa waliokufa walifia humo. Tukio hilo lilichochea utafiti mpya. Katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Hidalgo, Mayes, McNiven na Clough walijenga vipande vya kuta na kuvisukuma kwa jeki kwenda na kurudi, vikiiga mwendo wa tetemeko. Umuhimu wa majaribio hayo ulikuwa katika kule kurudi. Ukuta unaosukumwa upande mmoja tu huonyesha nguvu yake. Ukisukumwa huku na huku huonyesha jinsi nguvu hiyo inavyopotea.

Nchini New Zealand mawazo yalikuwa yamekwisha kuiva kwa njia nyingine. Nchi hiyo ilikuwa na kumbukumbu yake chungu: tetemeko la Hawke's Bay la tarehe 3 Februari 1931 liliua watu 256 na kubomoa sehemu kubwa ya mji wa Napier. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mhandisi John Hollings, kisha Robert Park na Tom Paulay wa Chuo Kikuu cha Canterbury mjini Christchurch, walijenga nadharia iliyobadilisha usanifu wa majengo ya zege. Jengo linaweza kufikiriwa kama mnyororo wa pete nyingi. Mnyororo ukivutwa kupita kiasi, pete dhaifu kuliko zote ndiyo itakayoamua hatima yake. Basi mhandisi aichague pete hiyo yeye mwenyewe, aifanye iweze kunyumbuka, na pete nyingine zote azifanye ziwe na nguvu kuliko hiyo.

Nigel Priestley, wa chuo hichohicho, aliipeleka nadharia hiyo kwenye uashi. Mwaka 1974, pamoja na Bridgeman, alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba ukuta wa matofali ukipewa nondo za ulalo za kutosha kubeba mkato wote, utapinda kwa unyumbufu badala ya kupasuka. Hadi wakati huo wahandisi wengi waliamini kwamba uashi kwa asili yake hauwezi kunyumbuka. Majaribio yalionyesha kwamba kilichokosekana hakikuwa katika asili ya tofali, bali katika mpangilio wa chuma. Matokeo ya fikra hii yaliingia katika kanuni za muda za uashi za New Zealand za mwaka 1985.

7.0 Kutoka Maabara hadi Kanuni

Katika miaka ya 1980 Marekani na Japani zilianzisha mpango wa pamoja wa utafiti wa uashi. Katika Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, Shing na wenzake walijaribu mfululizo wa kuta za matofali yenye nondo, wakibadilisha kiasi cha nondo za wima, nondo za ulalo na mzigo wa juu. Walithibitisha kwamba nondo za ulalo zinaweza kuugeuza ukuta kutoka mpasuko wa ghafla hadi kupinda kwa unyumbufu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mpango huo ulifikia kilele katika Chuo Kikuu cha California, San Diego. Huko Seible, Priestley na wenzao walijenga ndani ya maabara jengo la ghorofa tano la matofali ya zege, la ukubwa halisi, wakalisukuma hadi likaharibika. Jengo lilinyumbuka kama lilivyokusudiwa.

Kanuni za Marekani zilizofuata zililiweka fundisho hili katika tarakimu. Kwa kuta za daraja la juu la tetemeko, uwezo wa mkato husanifiwa usipungue kani inayolingana na mara 1.25 ya uwezo wa kupinda. Ongezeko hilo la robo linazingatia kwamba nondo halisi huwa na nguvu kuliko ile iliyoandikwa katika hesabu. Tarakimu hiyo ndogo ndiyo muhtasari wa mabadiliko yote yaliyoelezwa hapa: haipimi tetemeko, inapima ukuta dhidi ya ukuta wenyewe.

8.0 Mkono wa Fundi

Nadharia hii yote inategemea kazi inayofanyika mahali pasipoonekana. Nondo ya ulalo isiyopindwa kulabu kuizunguka nondo ya wima ya mwisho huchomoka ufa unapofunguka. Tundu lisilojaa zege huiacha nondo ikining'inia hewani. Zege likiwa zito mno hukwama juu. Saruji iliyodondoka ndani ya tundu wakati wa kujenga ikiachwa, huzuia zege lisifike chini. Kwa sababu hiyo wajenzi walijifunza kuacha matundu ya kusafishia katika kozi ya kwanza, na kulifanya zege la kujazia liwe jepesi kiasi cha kutiririka. Kwa muda mrefu kanuni za Marekani ziliruhusu ukuta uliojengwa bila mkaguzi maalumu uhesabiwe kwa nusu tu ya viwango vya ukuta uliokaguliwa. Tetemeko la Northridge la tarehe 17 Januari 1994 lilitoa ushahidi wa pande zote mbili. Kuta nyingi za uashi wenye nondo zilistahimili vizuri, na mahali zilipoharibika, mara kadhaa kilichokutwa ndani ni matundu yasiyojazwa vizuri.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kati ya 1933 na 1994 maana ya ukuta imara ilibadilika. Mwanzoni ilikuwa ukuta wenye nguvu nyingi; mwishoni ikawa ukuta ambao nguvu zake zimepangwa kwa daraja, mkato ukiwa juu ya kupinda, ili kushindwa kwake kuwape watu muda wa kutoka. Mabadiliko hayo yaliletwa na kumbukumbu za mashine, majaribio ya kusukuma huku na huku, na sheria zilizomweka mkaguzi karibu na fundi.

Historia hiyo si ya California na New Zealand peke yake. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 lilipiga mkoa wa Kagera nchini Tanzania. Watu zaidi ya 15 walifariki, maelfu ya nyumba yaliharibika, na majengo ya shule za sekondari za Ihungo na Nyakato yalipata madhara makubwa. Ukanda wa Bonde la Ufa utaendelea kutikisika, na tofali la zege litaendelea kuwa tofali la wengi katika ukanda huo. Maarifa ya kulifanya lisiue yamekwisha kulipiwa kwa gharama kubwa na watu wa mahali pengine. Nondo chache za ulalo zenye kulabu, mkanda wa zege uliofungwa vizuri, na tundu lililojazwa hadi chini ni mambo yaliyo ndani ya uwezo wa fundi yeyote aliyefundishwa na kusimamiwa. Shule inayojengwa leo bila hayo inarudi mahali Long Beach ilipokuwa asubuhi ya tarehe 10 Machi 1933, ikitegemea tu kwamba tetemeko litasubiri watoto waende nyumbani.